Siku moja maishani mwangu: gereji, DT 175 na mlima wa Marangu

Saa 11:30 alfajiri

Natia chai kwenye chupa, navaa buti na koti zito maana Moshi mwezi wa saba baridi yake sio ya mchezo, alafu naitoa Honda yangu nje. Ni XL125 ya zamani, niliinunua mnadani injini ikiwa kwenye kiroba na fremu imeegeshwa ukutani, nikaijenga mwenyewe nati kwa nati, na mpaka leo naipiga kiki inaitika. Saa hizi barabara ndo tamu, malori hakuna, hewa ya baridi ni nzito kwahiyo injini inavuta vizuri, na kama mawingu hayajashuka ukitoka Pasua unauona mlima wote mpaka theluji. Mapenzi haya nimekua nayo. Baba alikuwa bwana shamba wa kahawa, ofisi ikampa Yamaha DT, mi nakaa juu ya tenki mbele yake tunazunguka Kibosho na Machame, jioni akisafisha plagi mi ndo namshikia taa. Wenzangu waliolewa wakaacha vitu walivyovipenda utotoni, mi nilipoolewa, pikipiki nimeenda nazo.

Saa 12:15 asubuhi

Leo ni siku kubwa gereji. Kuna Yamaha DT 175 ya mzee mmoja wa Kilema, mwalimu mstaafu, ililetwa imenoki, pistoni imeganda ndani ya silinda. Bloku, yaani silinda yenyewe, imerudi jana kutoka kwa fundi wa kuchonga nikaiweka mezani pamoja na pistoni mpya vikalala pamoja usiku mzima. Sababu ni kwamba alumini inatanuka zaidi ya chuma, sasa ukipima pistoni iliyokaa juani na silinda iliyokaa kivulini namba zitakudanganya. Ndo maana napima alfajiri, vyote vina ubaridi mmoja.

DT 175 ikitoka kiwandani silinda yake ni milimita 66 upana na pistoni inasafiri milimita 50, hapo ndo unapata 171cc. Ikichakaa Yamaha walishaacha nafasi, kuna pistoni za kuongeza saizi zinapanda kwa robo milimita, 66.25, 66.50, unaenda hivyo mpaka 67. Yaani waliitengeneza wakijua kuna siku itafunguliwa na mtu kama mimi, na hiki ndo nakipenda kuliko vyote kwenye mashine hizi. Ya mzee imefika 66.50. Napima juu, kati na chini, alafu nageuza geji upande wa pili narudia tena maana silinda inaweza isiwe duara kamili. Natafuta nafasi ya kama 0.04 mm kati ya pistoni na ukuta. Ikibana kuliko hapo ikipata moto inaganda tena, ikilegea sana pistoni inagonga. Leo imekaa sawa juu mpaka chini, fundi yule ana mkono jamani, namba zote nimeandika kwenye daftari.

Saa 1:30

Bodaboda wanaanza kuingia. "Shikamoo mama fundi, breki hazikamati." "Marahaba mwanangu, shuka tuone." Hii ndo kazi inayolipa kodi ya gereji: breki shuu, cheni, waya wa klachi, kuseti valvu za pikipiki za Boxer na TVS. Kuna kijana ana Sanlg, pikipiki ya Kichina, ya miaka mingi, injini za vile ni za ukoo wa Honda CG125, ile Honda waliyoitoa 1976 ambayo valvu zinasukumwa na fito badala ya cheni ya taimingi, ni mashine mvumilivu kweli, nikamwekea valvu sawa na oili mpya nikamwambia asiiuze kwa tamaa ya mpya.

Saa 4

Foleni imepungua, namuita binti wa fildi, mwanafunzi kutoka chuo cha ufundi VETA, tuanze. Kabla ya kugusa kipya lazima ujue cha zamani kimekufa kwa nini, hili nalisema kila siku na nitalisema mpaka nizeeke, kwa sababu mafundi wengi wanabadilisha pistoni wanakabidhi pikipiki, baada ya mwezi inarudi na jeraha lile lile na mwenye mali anaambiwa pikipiki ndo imechoka. Sio kweli! Nikampa binti ile pistoni iliyoharibika aishike. Imechubuka upande wa ekzosi, upande wenye moto mkali, na kichwa chake kimekuwa cheupe. Weupe ule maana yake petroli ilikuwa chache na hewa nyingi. Hewa imetoka wapi? Nikampa mpira unaounganisha kabureta na silinda nikamwambia ukunje. Akaukunja, ukafunguka ufa upande wa chini ambapo huwezi kuuona ukiwa umefungwa. Basi, chanzo ndo hicho. Injini ya stroku mbili kama hii inalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, ikivuta hewa isiyopita kwenye kabureta inapata moto zaidi, tena ikiwa na kiu.

Mpira mpya upo, sili za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nazo nimebadilisha zote mbili nikiwa humo humo. Tunafunga. Kitambaa kisafi kwanza kinaziba mdomo wa krenkesi, nyumba ya krenki, maana kile kiklipu cha pini ya pistoni kikiruka kikaingia chini umepoteza siku nzima. Mshale juu ya pistoni unaangalia ekzosi. Ringi za stroku mbili haziruhusiwi kuzunguka, kwenye kila mfereji kuna kapini kadogo na ncha mbili za ringi lazima zikikumbatie, vinginevyo ncha inaingia kwenye tundu la ukutani na kuvunjika. Binti akabana ringi kwa vidole, mi nikashusha bloku taratibu, tukasikia ringi ya juu imeingia, kisha ya pili, bila kulazimisha hata kidogo. Akacheka kwa furaha, na mi kile kitu hakijawahi kuniishia raha.

Saa 7 mchana

Machalari, ndizi na nyama, kwa mama ntilie, tumekaa kwenye kivuli. Binti ananiuliza kama kuna wanawake wengine wanafanya hivi, nikamsimulia Theresa Wallach na Florence Blenkiron, Waingereza wawili waliotoka London Desemba 1934 wakafika Cape Town 1935 kwa pikipiki ya Panther ya 600cc, ina kigari cha pembeni na trela nyuma, wamepita katikati ya Sahara. Wallach alisomea uinjinia, baadaye akahamia Marekani akawa anauza na kutengeneza pikipiki Chicago, alafu akafundisha watu kuendesha. Binti aliacha kula kabisa akawa ananiangalia tu.

Saa 8:30

Kiki ya kwanza haijawaka, petroli bado inajaza kabureta. Inayofuata ikashika. Moshi wa bluu kidogo, sauti ile ya reng-teng-teng, gereji nzima wamegeuka. Naiacha ipate moto, nazima, naiacha ipoe kabisa mpaka naweza kuweka kiganja kwenye bloku, ndo nakaza upya nati za heda, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Saa 10

Kiboriloni, Njiapanda ya Himo, alafu napanda kushoto kuelekea Marangu. Injini mpya haipigwi resi mpaka mwisho, wala haiburuzwi kwa gia kubwa ikilia, unaipandisha na kuishusha, gia ya tatu, nusu resi, unaisikiliza kwa makalio na kwa magoti sio kwa masikio tu. Kadri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na mchanganyiko unazidi kuwa na petroli, kwahiyo Marangu Mtoni nikasimama nikafungua plagi. Ikiwa nyeupe kuna hatari, ikiwa nyeusi na imelowa petroli imezidi. Hii imetoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikatamani kupiga kelele pale pale mbele ya watu wa ndizi.

Kushuka ndo mtihani wenyewe na wengi hawaujui. Ukishuka mlima mrefu umefunga resi na gia imeshika, injini inazunguka kwa kasi wakati oili inayoingia ni kidogo sana, na mzee huwa anashuka hivyo kutoka Kilema kila siku ya soko. Kwahiyo kila baada ya muda nabana klachi, nafungua resi kidogo oili iingie, naachia.

Saa 12 jioni

Mzee kaja na mjukuu wake. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?" Nikampa pistoni ya zamani na ule mpira wenye ufa mkononi, nikamwonyesha mmoja baada ya mwingine, nikamwelekeza namna ya kushuka mlima, kisha arudi akishatembea kilomita 500 nikague nati za heda. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyefundisha maisha yake yote, akauliza maswali ya maana, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Hela kanilipa yote. Ile pistoni mjukuu kaing'ang'ania, kaondoka nayo.

Saa 2 usiku

Naosha mikono kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, spana zinahesabiwa zinarudi ukutani. Jumatatu inakuja Suzuki TF125 kutoka Rombo, mwenyewe anasema krenki inalia. Binti nimemwambia hiyo ataifungua yeye kuanzia nati ya kwanza, na asiniambie tununue kifaa chochote mpaka aniambie kwanza kilichoua ni nini.