Mbona hawajawahi kunipigia mimi?

Kampuni za kura za maoni kama TIFA ama Infotrak wakitoa namba zao tu za nani anaongoza, ingia kinyozi yoyote Nairobi utaskia "hao walihoji nani? Mimi sijawahi pigiwa simu." Na ni kweli hujawahi, 2022 tulijiandikisha kupiga kura watu zaidi ya milioni 22, wanaohojiwa huwa kama 2,000 hivi, sasa hiyo simu itakufikia lini? Hao 2,000 wakichaguliwa bila upendeleo kosa linakaa kwa asilimia 2 hivi juu ama chini, kwa nchi nzima inatosha kabisa. Shida ni mtu akianza kuzikatakata kwa kaunti 47, unabaki na watu arobaini na kitu kila kaunti, alafu ati fulani anaongoza Kisii. Hapo mimi huacha kusoma.

Turudi 2022, maana mpaka leo watu husema polls zilitudanganya. Poll ya mwisho ya kampuni ya Ipsos kabla ya uchaguzi wa Agosti 9 iliweka Raila asilimia 47, Ruto 41 kwa urais. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza Raila 48.85, Ruto 50.49. Kwa Raila hawakukosea sana! Mia toa 47 toa 41 inabaki 12, na hata ukimpa mgombea mwingine, Wajackoyah, chake bado kulikuwa na kundi kubwa la "sijaamua" na "sitaki kusema", wote tukawaruka tukakimbilia "Baba anaongoza", yaani Raila. Uchaguzi ulikuwa umekaa hapo kwa hao.

Anti yangu wa Nyeri alikuwa mmoja wao, alipigiwa nikiwa nimekaa kando yake. "Habari yako mama, napiga kutoka kampuni ya utafiti, uko na dakika kumi?" Kitu ya kwanza akauliza "namba yangu umeitoa wapi?", si unajua vile wale wakora wa simu wa jela ya Kamiti wametufunza kuogopa namba ngeni. Akajibu ya bei ya unga, ya mafuta ya kupika, barabara, hapo alikuwa anaongea mpaka kijana wa watu anashindwa kumkatiza. Ikafika ya rais. "Hiyo bado sijaamua, kijana yangu." Na stika ya wilbaro, alama ya chama cha Ruto, ilikuwa kwa mlango wake tangu Januari!

Simlaumu hata. Uhuru alikuwa ikulu anampigia debe Raila, machifu wote ni wa serikali, halafu mtu usiyemjua mwenye namba yako anataka kujua utapigia nani, wewe ungesema?

Sheria ya kura za maoni tunayo, ya 2012, inataka waseme nani amelipa, wamehoji watu wangapi na kosa ni kiasi gani, na siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi hakuna kutangaza. Sawa, lakini nani husoma hayo maandishi madogo?

Mimi siku hizi ripoti ikitoka naanzia nyuma, kwa yale maswali ya shida za mwananchi, yenye hakuna mwanasiasa hupigania. Kampuni ni tofauti, mwaka ni tofauti, jibu la kwanza karibu kila mara ni gharama ya maisha, na hapo watu hawaogopi kusema, uliza anti. Wabunge walikuwa nazo hizo ripoti. Juni 25, 2024 wakapitisha Finance Bill, mswada wa kuongeza kodi, na siku hiyo hiyo vijana wakaingia bungeni.