Picha ya Kifua Hujibu Swali Lililoulizwa

Fomu ya kuombea eksirei katika hospitali zetu ina nafasi ndogo ya kuandika maelezo ya mgonjwa, na katika nafasi hiyo wengi wetu, hasa siku ambazo foleni imejaa hadi nje ya mlango, huandika neno moja tu: kikohozi. Mimi ni daktari wa wodi ya wagonjwa wa magonjwa ya ndani, nimesoma picha nyingi za kifua zilizokuja na neno hilo peke yake, na kadiri ninavyozidi kuzisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba nafasi ile ndogo ina uzito kuliko mashine yenyewe. Mgonjwa anayekohoa kwa siku tatu akiwa na homa kali na maumivu ya ubavu, na mgonjwa aliyekohoa kwa miezi miwili huku akipungua uzito na kulowa jasho usiku, wanaweza kuwa na weupe wa aina moja mahali pamoja kwenye pafu, na bado wakahitaji matibabu tofauti kabisa.

Sababu yake imo katika namna picha inavyopatikana. Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, kanuni haijabadilika: tunachokipata ni kivuli. Hewa huiacha mionzi ipite, hivyo pafu lenye hewa huonekana jeusi. Mfupa huizuia, hivyo mbavu huonekana nyeupe. Mafuta yako karibu na upande wa weusi. Na vitu vyote vyenye majimaji, yaani moyo, ini, misuli na damu, hukaa katika rangi moja ya kijivu kinachoelekea weupe. Vifuko vya hewa vya pafu vikijaa usaha wa nimonia, maji ya moyo ulioshindwa kazi, damu, au chembe za saratani, eksirei haina njia ya kuvitenganisha kwa rangi. Anayevitenganisha ni msomaji wa picha, kwa kutazama weupe umekaa wapi, umeenea kwa umbo gani, umeambatana na nini, na, juu ya yote, mgonjwa ameeleza nini kuhusu mwili wake.

Hata kabla ya kufika kwenye ugonjwa, picha yenyewe inapaswa kuhojiwa. Mgonjwa asipovuta pumzi ya kutosha, sehemu za chini za mapafu hujikunja na kuonekana kama zina ugonjwa. Katika picha nzuri tunatarajia kuhesabu mbavu za nyuma tisa au kumi juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Akisimama upande, mitulinga miwili haiwi na umbali sawa kutoka kwenye mstari wa uti wa mgongo, na upande mmoja wa kifua huwa mweusi kuliko mwingine bila sababu ya ugonjwa. Na mgonjwa aliyepigwa picha kitandani kwa mionzi inayotoka mbele kwenda nyuma, moyo wake hutanuka kwenye picha kwa kuwa uko mbali zaidi na kibao cha kupokelea mionzi. Wateknolojia wa mionzi wanayajua haya vizuri kuliko madaktari wengi, na ninatamani tungewasikiliza zaidi wanapotuambia kwamba picha fulani irudiwe.

Ugonjwa unaonifanya niandike haya ni kifua kikuu, kwa sababu hakuna ugonjwa mwingine nchini Tanzania ambao picha yake hubadilika sana kufuatana na mwili uliomo. Kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, kifua kikuu hupenda sehemu za juu za mapafu. Huko hutengeneza madoa, kisha tundu lenye kuta nene, na tundu hilo ndilo ambalo wanafunzi wetu hufundishwa kulitafuta. Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni kwamba tundu hilo hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano ya mwili wenyewe: chembe za kinga huwazingira bakteria, nyama ya katikati ya mzingo huo hufa na kulainika, kisha hukoholewa nje na kuacha uwazi.

Sasa mchukue mgonjwa anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha, na ambaye chembe zake za CD4, yaani chembe za damu zinazoongoza kinga, zimeshuka chini ya 200 kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu. Mwili wake hauna nguvu ya kujenga mzingo ule, kwa hiyo tundu mara nyingi halipo. Kinachoonekana kinaweza kuwa weupe katika sehemu za chini za pafu unaofanana na nimonia ya kawaida, au mitoki iliyovimba katikati ya kifua, au maji yaliyojaa upande mmoja, au vidoa vya milimita 1 hadi 3 vilivyotawanyika mapafu yote kama punje za ulezi zilizomwagika. Na kwa baadhi yao picha ni safi kabisa, ilhali makohozi yana bakteria. Kinga inavyozidi kuwa dhaifu ndivyo picha inavyozidi kunyamaza, na ndivyo hatari ya kifo inavyozidi kupanda. Mtu asiyelijua hili atamrudisha nyumbani mgonjwa aliye hatarini kuliko wote, kwa furaha ya picha safi.

Hili ni gumu kulieleza wodini. Mama aliyelala siku kadhaa akisubiri majibu husema, "Dokta, si mmesema picha ni safi? Mbona bado mnanizuia?" Jibu langu huwa ni kwamba ni kweli, mama, picha ya kifua haina shida, lakini homa yako na kupungua kwako mwili bado havijapata maelezo, na hatuwezi kukuruhusu kabla hatujayapata. Wengi huelewa wakielezwa hivyo. Wasioelewa ni wale ambao tangu mwanzo waliambiwa kwamba picha ndiyo itakayosema wanaumwa nini.

Kuna swali lingine ambalo fomu zetu hulisahau, nalo ni kazi ya mgonjwa. Mchimbaji wa Mirerani au wa machimbo ya dhahabu ya Geita huvuta vumbi la mawe lenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba, kwa miaka, na vumbi hilo huacha mapafuni vinundu vidogo ambavyo hupenda sehemu za juu, palepale kifua kikuu kinapopenda. Mambo huwa magumu zaidi kwa kuwa vumbi hilohilo huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu chenyewe, hivyo mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Msomaji wa picha asiyeambiwa kwamba huyu ni mchimbaji atasoma ugonjwa mmoja tu, na maneno matatu kwenye fomu yangetosha kumwongoza.

Pale eksirei inaponyamaza, chombo ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni ultrasaundi. Chenyewe hakitumii mionzi bali mawimbi ya sauti yanayorudi kama mwangwi, na kinaweza kusukumwa hadi kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kusimama. Madaktari waliofanya kazi Afrika Kusini, Tom Heller akiwa miongoni mwao, walitengeneza utaratibu mfupi unaojulikana kama FASH kwa ajili ya kutafuta kifua kikuu kilichotoka nje ya mapafu kwa watu wanaoishi na VVU. Uzuri wake ni kwamba una maswali machache, yanayojibika. Je, kuna maji kuzunguka moyo? Je, kuna maji kati ya pafu na ukuta wa kifua? Je, kuna maji tumboni? Je, mitoki ya ndani ya tumbo imezidi sentimita 1.5? Je, wengu au ini lina vidoa vyeusi vidogo, ambavyo mara nyingi huwa ni vijipu visivyofika hata sentimita moja? Daktari wa kawaida anaweza kufundishwa kuyajibu maswali haya bila kuwa bingwa wa radiolojia.

Maji ya kifuani ni mfano mzuri wa tofauti ya vyombo hivi viwili. Katika eksirei ya mgonjwa aliyesimama huhitajika takribani mililita 200 za maji ndipo pembe ya chini ya pafu ifutike waziwazi, wakati ultrasaundi huona kiasi kidogo sana kuliko hicho, na huonyesha pia kama maji hayo yametulia au yamegawanywa na nyuzinyuzi, na sindano ya kuyatoa ipite wapi. Maji yanayozunguka moyo nayo hayana subira. Yakijaa haraka huubana moyo ushindwe kujaa damu, na mgonjwa aliyeonekana ana kikohozi tu anaweza kufa usiku. Eksirei itaonyesha moyo mkubwa bila kusema kama ukubwa huo ni wa misuli iliyolegea au wa maji. Probu, yaani kishikio cha ultrasaundi kinachogusishwa mwilini, ikiwekwa chini ya kidari hujibu ndani ya dakika chache.

Nisieleweke kana kwamba ultrasaundi haina mipaka. Sauti haipenyi hewa wala mfupa ipasavyo, kwa hiyo doa lililo katikati ya pafu lenye afya halitaonekana. Vidoa vya kwenye wengu vinaweza kutokana na saratani ya mitoki, na maji ya tumboni yanaweza kutokana na ini lililosinyaa au moyo ulioshindwa. Zaidi ya hayo, matokeo hutegemea sana mkono wa anayepima.

Na hakuna picha, iwe ya eksirei, ya ultrasaundi, ya siti skani wala ya MRI, inayomwona bakteria. Daktari Mjerumani Robert Koch aliuonyesha ulimwengu bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, miaka 13 kabla ya eksirei kuwapo, kwa darubini. Hadi leo uthibitisho hutoka kwenye makohozi, kwenye maji yaliyovutwa kwa sindano, kwenye mtoki uliotobolewa, au kwenye mkojo wa mgonjwa aliyedhoofika sana. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwishoni mwa 2010, hutafuta chembe za urithi za bakteria na papo hapo hueleza kama rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, itafanya kazi, jambo ambalo picha haiwezi kulijua kamwe. Picha hutuonyesha mahali pa kuchukua sampuli na hutuhimiza tuharakishe. Ikibidi tuanze dawa kabla ya uthibitisho kwa sababu mgonjwa anazidiwa, basi tuanze, lakini sampuli iwe imeshachukuliwa.

Mwaka 2021 shirika hilohilo lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma picha za kifua kwa ajili ya kuchuja watu wenye dalili za kifua kikuu, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Ninaliunga mkono hilo, kwa sababu wilaya nyingi hazina bingwa wa radiolojia hata mmoja, na programu isiyochoka ni bora kuliko picha inayokaa bahashani bila kusomwa. Lakini kuchuja ni kazi moja na kumchunguza mgonjwa ni kazi nyingine. Programu hutoa alama inayoeleza uwezekano, na kwa kuwa inasoma picha tu, haijui kwamba mgonjwa ni mchimbaji, wala haijui kwamba aliwahi kutibiwa.

Kuhusu siti skani nitasema kidogo. Hukata kifua vipande na kuondoa tatizo la vivuli vilivyolaliana, hivyo huonyesha mitoki na vinundu ambavyo eksirei imevificha nyuma ya moyo. Gharama yake kwa mgonjwa ni kubwa, na mionzi yake pia: kwa kipimo cha mionzi kiitwacho milisivati, eksirei moja ya kifua haizidi kwa kawaida milisivati 0.1, wakati siti skani ya kifua hufika milisivati 5 hadi 7, na binadamu kwa wastani hupokea milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira. Pale swali linapoihitaji, mionzi hiyo si sababu ya kuikataa. Pale ambapo hakuna swali, hakuna sababu ya kuiomba.

Nimalizie na wale waliowahi kutibiwa, kwa sababu ndio tunaowakosea mara nyingi zaidi. Kifua kikuu kikipona huacha makovu: mistari migumu, pafu lililovutwa juu, matundu makavu, wakati mwingine chokaa. Makovu hayo hubaki kwenye picha maisha yote. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo akipata kikohozi, picha yake itaonekana mbaya, na yako majalada ya wagonjwa waliopewa dawa za miezi sita mara ya pili na ya tatu bila bakteria kupatikana hata mara moja. Mwingine anayekohoa damu huwa na donge la fangasi lililoota ndani ya tundu la zamani, ambalo hubingirika mgonjwa anapogeuka, na dawa za kifua kikuu hazilifanyi lolote.

Kinachotenganisha kovu na ugonjwa mpya ni picha ya zamani. Doa ambalo halijabadilika kwa miaka mitatu lina maana tofauti na doa lile lile lililotokea mwezi uliopita. Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wangu: ukimaliza matibabu ya kifua kikuu, omba picha yako ya mwisho au nakala yake, andika nyuma ya bahasha tarehe uliyomaliza dawa, na uihifadhi pamoja na cheti chako cha kliniki mahali pakavu, isikunjwe. Ukienda hospitali nyingine, ikabidhi kwa daktari kabla hajaandika fomu. Na wenzangu tunaoandika fomu hizo, tuandike muda wa dalili, homa, uzito uliopungua, hali ya VVU, kazi ya mgonjwa, matibabu ya zamani, kisha ugonjwa tunaoushuku.