Jioni ya Machi kwenye Kipimio cha Maji

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa Mbarali kwa baba mdogo, ambaye alikuwa akisoma kipimio cha maji kwenye mto mmoja unaoporomoka kutoka safu ya Kipengere na kuingia bonde la Usangu. Kila asubuhi na jioni alitazama mbao zenye alama za sentimita zilizosimikwa ukingoni, akaandika kina katika daftari ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Alipenda kunung'unika kwamba nyakati hizo mbili hazitoshi kuujua mto wa mlimani.

Mwezi Novemba mvua kubwa ilinyesha usiku kucha, lakini kina kiliongezeka kidogo tu, kwa kuwa udongo uliokauka tangu kiangazi kianze uliyanywa karibu maji yote. Kufikia Machi ardhi ilikuwa imeshiba, na mvua iliyoangukia miteremko mikali ya huko juu haikuwa na pa kwenda isipokuwa mtoni.

Jioni moja ya mwezi huo jua liliwaka juu ya majaruba ya mpunga, huku wingu zito likiwa limefunika milima upande wa Matamba. Baba mdogo aliwapazia sauti wanawake waliokuwa wakifua.

"Kusanyeni nguo, kumenyesha mlimani!"

"Shemeji, na jua lote hili?" alijibu mmoja wao, ingawa beseni lilikuwa tayari kichwani.

Lilitangulia povu lenye majani makavu na vijiti. Maji yakageuka rangi ya udongo, kisha kutoka chini yake tukasikia mgongano wa mawe yaliyokuwa yakibingirishwa na mkondo, sauti ninayoikumbuka kuliko maji yenyewe. Ubao wa kwanza ulifunikwa, akahamia ule uliosimikwa juu zaidi. Nilishika tochi naye akasoma kila robo saa, akiandika saa na kina pembeni mwa ukurasa kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya namba hizo, mpaka maji yalipoacha kupanda na kuanza kushuka, usiku.

Asubuhi mto ulikuwa umerudi karibu na kina cha jana yake. Kwa daftari la asubuhi na jioni pekee, furiko lile lisingekuwepo kabisa. Baba mdogo hakulala tena. Alipima kimo cha takataka zilizonasa kwenye matawi ili kuhakiki namba za usiku, akaridhika, kisha akadai chai.

Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kutawanyika Usangu. Huko mbele kinamasi cha Ihefu huyapokea na kuyaachia polepole kupitia mwamba wa Ng'iriama ulio kwenye mdomo wake, ndiyo maana mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hupanda taratibu kuliko mito hii inayoulisha.