Tulimwambia baba kasafiri

Hii stori nimekaa nayo karibu mwaka mzima naogopa kuiandika maana inagusa familia yangu, ila juzi jirani yangu kafiwa na mume na nikasikia kwa masikio yangu mtu mzima anamwambia mtoto wa miaka 5 "baba kaenda kazini mbali, atakuja na zawadi", nikarudi ndani nikakaa kitandani nikalia. Bas nimeona niandike tu.

Mume wangu alianguka kazini Kariakoo Jumatano asubuhi, presha, mpaka wanamfikisha hospitali ameshafariki. Sisi Waislamu mambo hayacheleweshwi, alasiri ile ile akazikwa. Katikati ya vurugu zile mtu akasema watoto waondolewe wasione, na mimi sikua na akili ya kukataa kitu chochote, wakapelekwa Buguruni kwa shangazi yao. Mkubwa wa kiume alikua na miaka 7, mdogo wake wa kike 2. Waliporudi turubai limeshashushwa, viti vya kukodi vimeondoka, mimi nimekaa eda na nguo nyeupe, mkubwa akauliza baba yuko wapi, na bibi yake akajibu haraka haraka kabla yangu, baba kasafiri.

Hakuna aliyekaa akapanga. Lilitoka tu, na likishatoka kila mtu akalishika, baba mdogo, dada wa kazi, hata mimi mwenyewe. Miezi minne na siku kumi mtoto ananiona sitoki nje, wageni wakija wananisalimia kwa sauti ya chini, nguo ni hizo hizo, na hakuna anayemwambia kwanini. Mwanzo alikua anauliza uliza halafu akaacha. Tukaambiana unaona, kashasahau, watoto wanasahau haraka.

Eda ilipoisha nikatakiwa Morogoro siku mbili kwa mambo ya mirathi. Nikamwita nikamwambia mama anasafiri, kesho kutwa narudi. Sijawahi kuona mtoto analia vile. Alilikumbatia begi langu akalilalia sakafuni, alilia mpaka akatapika, bibi yake akamnyanyua akawa anarusha mateke, mtoto ambaye hajawahi hata kunijibu vibaya. Ikabidi niahirishe. Kuanzia usiku ule akaanza kukojoa kitandani, na alikua ameacha tangu ana miaka mitatu. Asubuhi tumbo linauma, akifika shule linauma zaidi, Ijumaa jioni limepona. Mwalimu wake akaniita mara mbili.

Zahanati walimpima malaria, choo, mkojo kama una maambukizi, na sukari. Na hapa nasisitiza kwa mzazi mwenzangu usiiruke hatua hii, mtoto aliyekua halowi akianza tena inaweza kua UTI, inaweza kua kisukari, hata choo kigumu tu kinaweza kumfanya hivyo. Vya kwake vyote vikawa safi. Tukamfanyia kombe, shehe akamsomea, na sina neno baya juu ya hilo maana alilala vizuri siku tatu nne, ila ikarudi.

Sasa pale zahanati kuna nesi mmoja mtu mzima, siku ya tatu kuniona akaniuliza, mama, nyumbani kwenu kumetokea nini? Nikamwambia. Akasema mpeleke huyu kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa, kuna watu wanaongea na watoto. Nilikasirika kwakweli. Mtoto wangu sio kichaa. Sisi tuliokulia mji huu ukitaja akili mtu anasikia Mirembe, yani hospitali iko Dodoma huko lakini jina lake tumetishiwa nalo tangu tuko shule ya msingi, ukifanya kitu cha ajabu kidogo unaambiwa utapelekwa Mirembe. Nilikaa na ile karatasi ya rufaa wiki mbili kwenye droo ya cherehani.

Kilichonitoa ni usiku mmoja nilimkuta saa nane amekaa macho kitandani ameshabadilisha shuka mwenyewe gizani ili nisijue. Asubuhi yake tukapanda daladala.

Nilivyofika nilikua na akili ya kumpeleka mtoto kama unavyopeleka redio kwa fundi, unamwachia, anafungua, anakurudishia inaongea. Mwanasaikolojia tuliyepangiwa ni dada wa makamo, mpole, chumba chake kidogo kina mkeka, midoli, beseni la mchanga, magari ya plastiki na penseli za rangi. Mwanangu akasogea kwenye magari. Mimi nikaanza kueleza anakojoa, anaumwa tumbo, hataki shule. Yule dada akasikiliza mpaka mwisho, halafu hakumuuliza mtoto kuhusu kukojoa hata mara moja. Alimpa karatasi akamwambia nichoree watu wote wa nyumbani kwenu.

Akachora. Bibi, mimi, mdogo wake, baba mdogo, yeye. Wote tumesimama mstari mmoja. Halafu upande wa pili wa karatasi akachora basi, na ndani ya basi mtu mmoja mkubwa kuliko sisi wote. Dada akauliza hawa wamesimama wapi? Mbezi, stendi. Wanafanya nini? Wanasubiri basi la baba.

Miezi mitano. Kwenye kichwa chake tulikua stendi miezi mitano.

Akamtoa mtoto nje na nesi, akafunga mlango, akaniuliza kwa utaratibu, mama, huyu mtoto ameambiwa nini? Na nilipomwambia hakunilaumu. Ningetaka kila mtu ajue hilo, hakunilaumu, alisema wengi wanafanya hivyo kwa kumpenda mtoto. Ila akanieleza mtoto wa umri ule anatafuta maelezo, akinyimwa anayatengeneza mwenyewe, na mara nyingi anayotengeneza ni mabaya kuliko ukweli. Wadogo chini ya miaka mitano hivi wanaweza kudhani kifo ni kitu cha kwenda na kurudi, kuanzia sita saba wanaanza kuelewa kwamba hakirudishi, lakini lazima mtu awaambie kwa neno lenyewe. Sisi tulikua tumemfundisha kwamba safari ndio kitu kinachomchukua mtu na hasikiki tena. Ndio maana Morogoro.

Kikao cha pili akataka nije na watu wazima wa nyumbani. Hapo ndo nilielewa hii kazi ni kazi gani. Mama mkwe wangu ni mtu wa Rufiji, heshima yake kubwa, alikaa kwenye kiti kashikilia mkoba, akasema wazi kwamba kwao mtoto mdogo haambiwi kifo. Yule dada akamwamkia vizuri, akaacha kimya kipite, akamuuliza, bibi, wewe mwenyewe unaogopa nini akiambiwa? Mama akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema mimi mwenyewe hilo neno sijawahi kulitamka. Mwanangu amekufa, sijawahi kusema. Na akalia pale, mbele ya mtu asiyemjua, na mimi nikalia, baba mdogo akainuka akasimama dirishani. Tulikua tumezika, tumesoma hitma, tumefanya arobaini, lakini ndani ya nyumba yetu hakuna aliyekua amelitamka.

Mtoto ndiye aliyekua analowesha shuka. Ila aliyetakiwa kutibiwa ni nyumba nzima.

Alitufundisha maneno. Amekufa. Moyo wake umesimama, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, hatarudi. Akatukataza kusema amelala, maana mtoto ataogopa kulala. Kwenye dini hakutuingilia, alisema mambo ya dua na akhera mtamweleza kama imani yenu inavyofundisha, ila ukweli wa mwili utangulie. Tulimwambia nyumbani, Jumamosi asubuhi, bibi ndiye aliyesema kwa sababu ndiye aliyesema kasafiri. Mwanangu hakulia kwanza. Aliuliza nani atanilipia ada. Halafu, baada ya chai kabisa, akaja jikoni akaniuliza kama ni kwa sababu yake, maana asubuhi ile alikataa kumpa baba yake mkono kwa kua alinyimwa mia tano.

Yani miezi mitano kambeba baba yake kwa ajili ya mia tano. Kila nikiifikiria najua kwanini naandika.

Kliniki tulienda kila Jumanne karibu miezi mitatu. Kutoka Mbagala Rangi Tatu ni daladala mbili, nafunga kibanda cha cherehani siku nzima, na kama ni siku ya foleni tunarudi jioni. Private nilitajiwa elfu sitini kwa kikao kimoja, ambayo kwangu haiwezekani. Na hili linaniuma sana, jiji lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 na wanasaikolojia kama huyu ni wachache mno, yule dada nilimkuta siku moja anakula chapati amesimama koridoni kati ya mtoto na mtoto. Nikamuuliza na wewe haya yote unamwambia nani? Akasema kuna mwenzao mwenye uzoefu zaidi wanakaa naye, anampelekea kesi zinazomlemea, bila hivyo huwezi kudumu. Sikuwahi kufikiria kwamba na wao wanahitaji pa kutulia.

Pale pale nilijifunza kuwatofautisha, maana mwanzo wote nilikua nawaita dokta. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza halafu akabobea, yeye ndo anaweza kuandika dawa, mwanangu alimwona mara moja tu na hakupewa dawa yoyote. Mwanasaikolojia anaongea, anacheza, anapima. Afisa ustawi wa jamii ndo alikuja mpaka nyumbani, akaenda na shule kuongea na mwalimu ili mtoto asichapwe kwa kuchelewa na aruhusiwe kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Hicho kitu cha mwisho kidogo sana ila kilisaidia kuliko nilivyotegemea.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu. Watu wengi wananiambia haya ni mambo ya kizungu. Nikakuta kwamba Mary Ainsworth, mmoja wa waliotufundisha dunia nzima jinsi mtoto mdogo anavyomshikilia mzazi wake, alianzia Uganda hapa jirani, mwaka 1954 na 1955, akizunguka vijiji vya karibu na Kampala anakaa kwenye nyumba za kina mama wa Kiganda, familia 26, anaangalia mtoto anafanya nini mama akitoka na akirudi. Kwa hiyo sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwenye mikeka ya kina mama wa huku huku kwetu. Na nikakuta nyingine iliyonigusa zaidi, Moshi na Bungoma kule Kenya walifanya utafiti na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, wa miaka 7 mpaka 13, umri wa mwanangu kabisa, nusu wakapewa tiba ya vikao 12 vya kikundi, na waliokua wanaendesha vikao sio mabingwa, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Na walezi nao wana vikao vyao. Na mojawapo ya mambo wanayofanya ni kukizungumzia kifo chenyewe, wasikizunguke. Ulitoka mwaka 2020. Nikajiuliza kama Moshi iliwezekana kwa nini kila kata ya Temeke isiwe na watu wawili watatu wa namna hiyo, na bado najiuliza.

Mkitaka kuanzia mahali, Temeke, Amana, Mwananyamala zote zina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili ipo idara yake, anzeni zahanati ya karibu mpewe rufaa. Kuna na namba 116, simu kwa mtoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ila kuweni makini na wanaojiita washauri mitandaoni, kuna mmoja aliniambia wasap atamfungua mtoto akili kwa siku tatu nimtumie laki kwanza. Muulize mtu amesomea nini na wapi, na anasimamiwa na nani. Anayejua kazi yake hatachukia.

Kitanda kilianza kukauka wiki ya sita, kikalowa tena mwezi wa Ramadhani, kikakauka. Tumbo bado linauma siku za mtihani. Morogoro nilienda, nililala usiku mmoja, nilipiga simu saa mbili kamili kama tulivyokubaliana na akaniuliza nimekula nini.

Juzi mdogo wake, sasa ana miaka mitatu na maneno yamemjaa, kaona picha ya baba yao sebuleni akauliza huyu kaenda wapi. Nilikua nashona, nikasimamisha mguu kwenye cherehani. Kaka yake akasema, bila kuniangalia, huyu ni baba, alikufa, moyo wake ulisimama, hajasafiri. Yule mdogo akauliza kesho atakuja? Akasema hapana. Halafu akamshushia ile picha ukutani ili aione vizuri.