Kabla ya Kununua Amplifaya, Geuza Spika Uangalie Mgongo

Wengi hununua amplifaya kwa macho na kwa namba iliyochapishwa kwenye boksi, kisha ndipo wanaanza kutafuta spika za kuifaa. Anza upande wa pili. Spika ndizo zinazoamua sauti ya sebuleni. Kazi ya amplifaya ni kuzitosheleza bila kukwaruza na bila kuungua. Kwa hiyo geuza spika usome kibati kilichobandikwa mgongoni. Tafuta namba mbili: omu na desibeli. Wati zilizoandikwa pale zisome mwisho.

Tuanze na omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi hufia. Spika za kawaida za nyumbani ni za omu 8, 6 au 4. Lakini zile ndefu nyembamba zilizotoka kwenye seti za DVD, ambazo utazikuta soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili zikiwa zimeshaachana na mashine zao, nyingi ni za omu 3. Amplifaya iliyoandikwa nyuma "6–16 Ω" ukiipa spika za omu 3 italazimika kusukuma mkondo mara mbili ya ule iliotengenezewa. Siku ya kwanza haitasema kitu, kwa sababu sauti iko chini. Itasema siku ya sherehe, saa nne usiku, wageni wamejaa: itajizima yenyewe ikiwa ina ulinzi, au transista za mwisho zitaungua ikiwa haina.

Ukiunganisha jozi mbili za spika kwa pamoja, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu hugawanyika. 8 na 8 huwa 4. 4 na 4 huwa 2, na amplifaya za nyumbani zinazoweza kuvumilia omu 2 ni chache mno.

Kibati kikiwa kimetoka, chukua mita ya umeme (multimita), ile ya kawaida ya mafundi, uiweke kwenye omu 200. Gusanisha kwanza ncha zake mbili. Ikionyesha 0.3, hiyo ni ya nyaya za mita yenyewe, utaitoa. Sasa weka ncha kwenye vishikizo vya spika. Ukipata kati ya 3 na 3.6, spika ni ya omu 4. Ukipata 4.5 hadi 5, ni ya 6. Ukipata 5.5 hadi 7, ni ya 8. Namba ya mita huwa chini ya ile ya kibati kwa sababu mita inapima waya wa koili peke yake kwa umeme wa betri, ilhali kibati kinazungumzia umeme wa muziki unaopanda na kushuka. Mita isiposoma chochote, koili imekatika au krosova, sakiti ya ndani inayogawa besi na sauti nyembamba, imekufa. Ikisoma chini ya 1, koili imeungua ikagusana yenyewe, na spika hiyo usiiunganishe popote hata kwa kujaribu.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia: kipimo hiki hakioni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mbele ya twita kuna kapasita inayozuia umeme wa betri, kwa hiyo twita inaweza kuwa imekufa zamani na mita ikasoma 6 safi kabisa. Cheza muziki kwa sauti ndogo, sogeza sikio hadi kwenye twita, usikilize matoazi ya dramu. Halafu sukuma koni ya wufa, ile kubwa ya besi, kwa vidole vinne vilivyopangwa sawasawa kuizunguka. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda.

Namba ya pili ni desibeli. Inaeleza spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake. Wauzaji hawaitaji, na ndiyo yenye pesa. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, spika mbili za desibeli 87, na kochi mita 3 kutoka kwazo. Wati 1 kwa kila spika itakupa kama desibeli 83 pale ulipokaa, sauti ambayo tayari inamlazimu mtu apaze yake akitaka kuzungumza. Wati 10 zitakupa 93. Wati 50 zitafika 100. Wati 100 zitafika 103. Yaani ukitoka 50 ukaenda 100 umeongeza desibeli 3 tu: sikio lako litaitambua tofauti, jirani wala. Lakini ukibadilisha spika za 85 ukaweka za 91, ni sawa na kuzidisha wati mara nne bila kugusa amplifaya.

Mtego mmoja mdogo: baadhi ya viwanda huandika "2.83 V" badala ya "1 W". Kwa spika ya omu 8 ni kitu kilekile. Kwa ya omu 4, volti 2.83 ni wati 2, kwa hiyo toa desibeli 3 kabla ya kulinganisha.

Kwa nini basi usinunue ya wati 10 ukaridhika? Kwa sababu muziki haukai mahali pamoja. Gitaa la besi la benga linapojibu dramu, au ngoma za isukuti zinaporuka, kilele kinaweza kuhitaji wati mara 10 ya wastani au zaidi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Amplifaya isipokuwa na akiba hiyo, kilele kinakatwa bapa. Hapo ndipo unasikia ile sauti ya bati. Mawimbi yaliyokatwa bapa hubeba nguvu zaidi: amplifaya ya wati 20 iliyolazimishwa namna hiyo inaweza kutoa karibu 40, na sehemu yake kubwa kuliko kawaida huenda kwa twita, ambayo ni kiumbe dhaifu. Mashine ndogo inayopigwa hadi mwisho imeua twita nyingi kuliko mashine kubwa inayochezwa kwa adabu. Kipimo cha kutumia ni hiki: wati za RMS (za kudumu) za amplifaya, kwenye omu za spika zako, ziwe sawa na wati za kudumu za spika au zizidi hadi mara moja na nusu.

Nimesema RMS. Ile PMPO, namba kubwa ya kilele ya kwenye boksi, itupe. Haina kanuni inayokubalika, kila kiwanda hupika namba yake. Muuzaji akikwambia, "Hii ni moto, bosi, wati elfu mbili," iinamishe usome kibati cha nyuma penye umeme wa ukutani. Ikiwa kimeandikwa 240V~ 50Hz 60W, hakuna namna mashine hiyo itatoa wati 500. Umeme hauzaliwi ndani ya boksi. Fyuzi nayo husema ukweli: ya ampea 1 kwa volti 240 inaruhusu wati 240 kwa muda mrefu, basi. Uzito pia. Amplifaya ya kweli ya wati 50 kwa 50, ya zamani yenye transfoma ya chuma, huwa na kilo 6 hadi 8. Ukiiinua kama sahani tupu, irudishe mezani.

Kipimo cha uzito hakizihusu amplifaya ndogo za daraja D, zile za ukubwa wa kiganja. Hizo ni nyepesi kwa haki, na kwa mtu wa bedsitter ndizo ningezipendekeza kwanza. Nyingi zina chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments na boksi huandikwa "100W×2". Fanya hesabu mwenyewe: volti za chaja zidisha kwa zenyewe, kisha gawanya kwa omu zilizozidishwa kwa mbili. Chaja ya laptopu ya volti 19 inakupa 361. Gawanya kwa 16, unapata wati 22 na kidogo kwa spika ya omu 8. Chaja ya volti 24 inakupa 36. Hapo ndipo mwisho wake kabla ya kukwaruza, na kwa chumba cha mita 3 kwa 4 chenye spika za desibeli 88 ni nyingi. Betri ya sola ya volti 12 itakupa kama 9, na bado muziki unapigika.

Kosa la kawaida hapa ni chaja dhaifu. Ile ya volti 19 na ampea 3.42 ina wati 65 tu. Ukiweka spika za omu 4 ukapandisha sauti, mashine itazima na kuwaka kila besi inapopiga. Watu hudhani amplifaya ni mbovu, kumbe ni chaja. Kosa la pili ni kutafuta nguvu kwa chaja ya volti 32: chipu hiyo kikomo chake ni 26. La tatu ni kuunganisha hasi za spika zote mbili pamoja, au kwenye kasha la chuma la mashine. Katika mashine hizi hasi nayo inabeba sauti, si ardhi. Ukizigusanisha umechoma chipu.

Ukitaka ya mtumba, zile ex-UK za miaka ya tisini ni ununuzi mzuri ikiwa utazikagua. Kwanza volti. Zilizotoka Uingereza huandikwa 230V au 240V, ni sawa na umeme wa ukutani wa hapa Kenya. Zilizotoka Japani huandikwa AC 100V, na plagi ya pini tatu aliyoibadilisha muuzaji haibadilishi kitu ndani. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio, kisha harufu.

Usikubali iwashwe kienyeji. Mwombe fundi aiwashe kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto. Fundi mzuri anayo tayari mezani, na kazi hiyo ya umeme wa ukutani mwachie yeye. LED haifai. Balbu ikiwaka kwa nguvu nusu sekunde kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo yako shwari. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokoa na moshi. Baada ya hapo iwashwe bila balbu, bila spika, sauti ikiwa chini kabisa. Sikiliza mlio wa "tik" wa rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika, baada ya sekunde chache, ikiwa mashine ina ulinzi huo. Kisha mita kwenye milivolti za DC, kwenye vishikizo vya kila upande. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100 omba bei ya mashine inayohitaji fundi. Ikisoma volti nzima nzima, usiikaribie na spika zako, kwa sababu umeme huo utaegemeza koni upande mmoja na kuchoma koili polepole.

Kitufe cha sauti kikikwaruza kikizungushwa, hiyo isikutishe. Ni vumbi, na Nakuru vumbi halikosi. Dawa ya kusafishia swichi, ile inayokauka, huliondoa. Upande mmoja ukikatika kwa sauti ndogo na kurudi ukipandisha, midomo ya rilei imeingia kutu. Ni kazi ndogo, lakini itumie kupunguza bei.

Kuhusu viingilio, simu na dikoda ziende kwenye AUX, CD au TUNER. Tundu la PHONO ni la santuri, linakuza milivolti chache, na simu ikiingia hapo inanguruma vibaya. Televisheni yako ikiwa na tundu la mwanga (optical) peke yake, utahitaji kibadilishaji cha kuigeuza sauti iwe ya waya. Baada ya kukiunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, vinginevyo utapata kimya au mchakacho. Mngurumo wa chini usiokoma ukianza baada ya kuunganisha dikoda, chomoa waya wa dishi. Ukinyamaza, ardhi zimekutana kwa njia mbili. Weka kitenganishi kidogo kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi ya plagi.

Waya wa spika usikuumize kichwa. Shaba ya milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, ina omu 0.115, na hiyo hata spika ya omu 4 haitaihisi. Wa 0.5 una 0.34, ambao kwa spika hiyo umeshazidi. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiwa mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, basi panda saizi moja.

Kisumu mchana joto hupita nyuzi 30, kwa hiyo acha sentimita 10 tupu juu ya amplifaya, na dikoda usiibebeshe mgongoni. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa dishi pia. Radi za Magharibi na Nyanza huingia kupitia kote kuwili. Mende na mijusi hupenda joto la transfoma, na mjusi mmoja akilala juu ya transista mbili anamaliza mashine na yeye mwenyewe. Tundu lolote kubwa la chini lifunikwe kwa wavu wa dirisha. Matundu ya juu yabaki wazi, na kile kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono kirudishwe kwenye kochi.