Siku moja maishani mwangu: leo tunatangaza kitu ambacho bado hakipo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Leo tunatangaza nyongeza ya gemu yetu, ile ambayo wachezaji huiita DLC, na nyongeza yenyewe haipo. Zipo ramani tatu, wimbo mmoja, na bandari ya Kilwa ambayo ukiikaribia tu jahazi lako linazama. Lingezama majini ningenyamaza. Linazama kwenye mchanga.

Tuko wanne. Gemu yetu ni ya nahodha anayepeleka boriti kutoka Lamu hadi Ghuba huku akizisubiri pepo. Kuna anayechora, kuna anayeandika programu, na kuna mkuu wetu anayetafuta pesa. Mimi kazi yangu ni maneno: matangazo, majibu kwa wachezaji, na kuomba radhi. Hilo la mwisho ndilo linalochukua muda.

Saa moja na nusu. Mahamri mawili na mbaazi, nimekula nimesimama kwa sababu mvua ya masika imelowesha benchi. Ofisi yetu ni chumba kimoja Barabara ya Biashara, Mombasa, juu ya duka la leso.

"Sabalkheri, mzee."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndiyo leo?"

Ndiyo leo. Nilishamweleza mwenye duka juzi, na hajakubaliana nami. Leso ikiwa ingali njiani, yeye haionyeshi picha yake kwa mtu. Mteja akishaiona, anasema, ataiulizia kila asubuhi, na zile zilizoko rafuni hazitaki tena. Nimelifikiria sana neno hilo. Kwenye gemu nusu yake si kweli, maana anayesikia nyongeza inakuja huinunua gemu ya kwanza ili awe tayari, na aliyeiacha huirudia. Nusu ya pili, ile ya kuulizwa kila asubuhi, ni kweli tupu.

Saa tatu. Kikao. Mkuu anataka tarehe kamili. Mwenzetu wa programu hataki kutaja hata mwaka. Nimekuja na mifano, maana nikija mikono mitupu hunishinda kwa sauti.

Nikaanza na gemu ya Cuphead. Juni 2018 watengenezaji wake walitangaza nyongeza yao kwamba ingefika 2019. Ikasogezwa hadi 2020, ikasogezwa tena, ikatoka 30 Juni 2022. Ilikuwa nzuri sana, lakini fikiria yule aliyekuwa na kazi kama yangu kule kwao, miaka minne akijibu swali lilelile. Halafu Elden Ring, gemu ya FromSoftware, kampuni kubwa ya Japani. Tarehe 28 Februari 2023 walitoa picha moja tu na jina la nyongeza. Hawakutaja tarehe. Trela, ile video fupi ya kuonjesha, ilikuja 21 Februari 2024, nyongeza ikatoka 21 Juni mwaka huohuo. Karibu mwaka mzima watu walikuwa wakiichambua ile picha moja: mti umejipindaje, aliyempanda yule mnyama ni nani.

"Hao ni FromSoftware," mkuu akasema. "Sisi tukitoa picha moja watatuuliza kama tumefilisika."

Ana haki. Lakini inayonitisha mimi ni gemu ya Silksong. Wale vijana wa Adelaide, Australia, walipochangisha pesa za gemu yao ya Hollow Knight mwaka 2014, waliahidi mhusika wa pili wa kuchezwa, kitu cha nyongeza tu. Februari 2019 wakatangaza kwamba nyongeza imekua hadi kuwa gemu kamili, ndiyo hiyo Silksong. Ikatoka 4 Septemba 2025. Nilipoisema tarehe hiyo, mwenzetu wa programu alinyoosha mkono kama wakili aliyeshinda kesi. Tukaondoka bila kuafikiana.

Saa sita na nusu. Nakagua ukurasa wetu wa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Wao wanataka ukurasa uwe umeonekana angalau wiki mbili kabla ya mauzo, nasi tunataka uonekane miezi mingi zaidi. Sababu si tambo. Kila mchezaji anayeiweka nyongeza kwenye orodha ya anavyovitamani hupelekewa barua pepe siku inapotoka. Kampuni isiyo na pesa ya kulipia matangazo haina ngoma nyingine ya kupiga, kwa hiyo kila mwezi wa kungoja ni majina yanayoongezeka.

Saa nane. Trela. Nimeitoa Kilwa yote, sekunde kumi na moja za kazi nzuri. Mchoraji hajanisemesha kwa saa nzima. Msimamo wangu ni kwamba kisichochezeka hakionyeshwi, kwa sababu mchezaji hasamehi alichokiona kwa macho yake halafu akakikosa. Jina la Kilwa nalo nimelifuta kwenye maelezo.

Saa tisa hadi saa kumi na nusu stima imepotea. Tumekaa gizani na leptopu mbili zenye chaji, na ndipo mchoraji akafungua kinywa.

"Babu yangu hakuwa akimtajia bibi tarehe," akasema. "Akiondoka na kusi, alimwambia narudi na kaskazi. Basi."

Tukatazamana. Kaskazi huanza Novemba au Disemba, hadi Machi bado inavuma. Mkuu akafurahi kwa kuwa inasikika kama tarehe. Mwenzetu wa programu akafurahi kwa kuwa si tarehe. Nami nikaandika chini ya trela maneno matatu: Inarudi na kaskazi. Sijawahi kulipwa kwa maneno machache namna hiyo.

Saa mbili usiku. Huko pwani ya magharibi ya Marekani ni saa nne asubuhi, ndiyo kwanza wanakaa kazini. Nimebonyeza. Mkono ulikuwa wa baridi, sina haja ya kuficha.

Maswali yakaanza kumiminika. Bei? Itafika kwenye PlayStation? Mmoja akatuambia tumalize kwanza hitilafu za gemu ya mwanzo ndipo tuuze nyingine, na sikuwa na la kumjibu ila "kweli, tunalishughulikia". Wazungu wanauliza kaskazi ni nini, mwezi au jina la mhusika. Aliyeelewa papo hapo ni mchezaji wa Muscat, aliyeandika kwa Kiswahili kwamba bibi yake alikuja na kusi na hakurudi. Huyo nimemjibu kwa kirefu.

Saa tano na robo usiku. Orodha inapanda polepole, nasi tumebaki wawili chumbani. Nilikuwa nafunga leptopu lilipoingia swali la mwisho, kutoka kwa mtu asiye na picha wala jina la maana:

"Kaskazi ya mwaka gani?"

Mwenzangu wa programu amelisoma begani mwangu, akachukua mwavuli wake, akaniaga.