Nilivyokubali iodini ya mionzi nikiwa na miaka 52

Ugonjwa wa Graves, unaoifanya tezi ya shingoni (thairoidi) itoe homoni kupita kiasi, ulinirudia baada ya kuacha kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hizo. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimelala, mikono ikitetemeka, mwili ukizidi kukonda. Nikaambiwa nichague: upasuaji wa kuondoa tezi, au kumeza iodini ya mionzi, ambayo tezi huifyonza. Niliposikia mionzi nikawaza ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, na wale watoto waliopata saratani ya tezi. Nikamuuliza daktari waziwazi: na mimi je?

Alianza na umri wangu. Tezi ya mtoto bado inakua, seli zake zinagawanyika kwa wingi, na ana miaka mingi mbele yake ya madhara kujitokeza. Ndiyo maana maziwa yenye iodini iliyovuja Chernobyl yaliwadhuru zaidi wadogo, na ndiyo maana hadi leo tiba hii huepukwa kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia: kwa tezi, dozi ndogo inaweza kuwa mbaya kuliko kubwa, kwa kuwa huziacha seli zikiwa hai lakini zimejeruhiwa. Dozi ya tiba hukusudiwa kuziua.

Nikamuuliza kuhusu viungo vingine. Hakunificha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, wa wagonjwa wapatao 35,000, haukuona vifo vya saratani kwa ujumla vikiongezeka kwa sababu ya iodini, ukiacha ongezeko dogo kwenye tezi yenyewe. Uchambuzi wa 2019 ukaona uhusiano mdogo kati ya kiasi cha mionzi kinachofika kwenye matiti na vifo vya saratani ya matiti, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Huo wa pili uliniuma, ila bila kuusikia nisingeweza kuamua kwa moyo mweupe.

Nikapima faida na hatari. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kupiga ovyo, na hatari hiyo ilikuwepo tayari, si ya miaka ishirini ijayo. Ingekuwa ni binti wa miaka 8, ningedai mazungumzo marefu zaidi, upasuaji ukiwemo.

Nikameza kidonge. Nililala peke yangu na kukaa mbali na mjukuu kwa muda niliopangiwa; nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Baadaye tezi ilizima, kama nilivyoambiwa, na sasa kila asubuhi nameza levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya tezi. Vipimo vya matiti naenda kwa ratiba ya wanawake wa umri wangu, na dozi niliyopewa imeandikwa kwenye daftari langu la kliniki, ili daktari yeyote atakayenipokea aione.